Vichaka vya Misitu Yetu (5): Mdakakomba si Mgeni

Tangu Kenya itangaze, Desemba 2022, azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, hofu yangu imekuwa panga linalotangulia mche. Eneo husafishwa kwanza, na chochote chenye miiba huhesabiwa kuwa gugu vamizi. Waliofuatana nasi tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba mwiba hauthibitishi ugeni. Mdakakomba, ambao Wakikuyu huuita mururue, huparamia miti pembezoni mwa misitu yenye unyevu kwa miiba iliyopinda kama kucha za paka. Jani ndilo huutambulisha. Kikonyo kimoja hubeba vijani vitatu vinavyong'aa. Kiinue kimoja juani, utaona vitone vinavyopitisha mwanga, kisha kifikiche, harufu ya ndimu itakupata papo hapo. Lantana, mvamizi wa kweli, ina majani yasiyogawanyika vijani, yaliyoelekeana, yenye kukwaruza na kingo za msumeno. Kwenye shina kuukuu la mdakakomba, miiba hukaa juu ya vinundu vya gome.

Wapo watakaodai kwamba jina la kitaalamu, Toddalia asiatica, linatosha kuuhukumu kuwa mgeni kutoka Asia. Sivyo. Linnaeus aliyeupa sifa hiyo mwaka 1753 alitegemea mimea ya Asia, lakini mmea huu ni mwenyeji wa Asia na Afrika pia. Tena historia ya biashara inatutetea. Katika karne ya 17 wauza dawa wa Ulaya walikuwa na mzizi wa mmea huu ulioitwa mzizi wa Lopez, uliosemekana kutoka kwenye mlango wa mto Zambezi na kupitia Goa. Francesco Redi wa Italia aliuandika mwaka 1671. Mwaka 1771 Gaubius, daktari wa Leiden, akausifu kwa kutibu kuhara. Miaka mia moja na zaidi wageni waliuthamini mzizi huu, nasi leo tunautia moto bila hata kunusa jani lake! Hata jina lenyewe limebadilika: mwaka 2018 wataalamu waliuhamishia mmea huu kwenye jenasi ya Zanthoxylum, ukoo wa mjafari wetu.

Mfugaji atasema unamchania nguo na kuziba njia. Basi aupogoe penye njia, auache ukingoni mwa msitu, ambako ndege hula matunda yake ya rangi ya chungwa na kusambaza mbegu. Kamati za upandaji nazo zikague majani kabla vibarua hawajaanza kufyeka.