Runinga Kubwa Nyumbani: Macho Yameshiba, Masikio Je?

Neno "runinga" si neno la kuokotwa njiani. Aliyeliunda ni marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mjuzi wa lugha kutoka Lamu, kwa kuunganisha maneno mawili: rununu, yaani habari ya kusikiwa, na maninga, ambalo ni neno la kale la macho. Basi ndani ya neno hilo moja mna fungu la sikio na fungu la jicho. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu wengi wanaonunua runinga kubwa siku hizi hutoa mali yao yote kwa fungu la jicho, na sikio wakaliacha na njaa.

Hamu yenyewe haishangazi, kwani sisi watu wa mwambao tumelelewa na sinema. Filamu za Kihindi kama Awaara ya mwaka 1951, Mother India ya 1957 na Sholay ya 1975 ziliwatoa watu majumbani, Unguja na Mombasa, hata wale wasiojua neno moja la Kihindi. Palikuwapo na maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama zetu nao wapate kustarehe kwa sitara. Ilipoingia video katika miaka ya 1980, sinema ikahamia ukumbini kwetu. Bibi mmoja mtaalamu, Minou Fuglesang, alikaa Lamu akachunguza namna wasichana wa huko walivyotazama filamu hizo majumbani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1994. Leo majumba mengi ya sinema ya zamani hapa Mombasa yamefungwa, na kila mtu ataka kuwa na lake nyumbani.

Mwaka jana alinijia rafiki yangu wa Likoni, mtu wa makamo aliyestaafu kazi. Alikuwa na fedha alizoziweka kidogo kidogo, na nia yake ilikuwa runinga ya inchi 75, kubwa kuliko zote mtaani. Mimi si fundi, ni mtu wa kalamu, lakini mambo haya nimeyafuatia kwa kusoma na kwa kukaa na mafundi wa Kisauni. Nikamwuliza, "Chumba chako kina futi ngapi?" Akacheka. "Sheikh, nimekuuliza habari ya runinga, wewe waniuliza habari ya kiwanja!"

Lakini hapo ndipo pa kuanzia. Inchi za runinga hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si kwa upana. Ile ya inchi 55 ina upana wa futi 4 hivi, na ile ya 65 ina eneo linaloizidi ya 55 kwa karibu asilimia 40. Kanuni nyepesi ni hii: pima kutoka pale macho yatakapokuwa hadi ukutani, ugeuze futi kuwa inchi, kisha ugawe kwa 1.6. Chumba cha rafiki yangu, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba zetu za Kiswahili, kilimpa futi 8 tu. Futi 8 ni inchi 96, na ukigawa unapata 60. Basi ya inchi 55 inamtosha, ya 65 ndiyo mwisho wake, na ile ya 75 ingemfanya kila mtazamaji azungushe shingo kama anayetazama mpira wa tenisi. Isitoshe, si kila kinachoingia runingani ni picha safi ya 4K. Matangazo mengi ya king'amuzi hayafiki hapo, na picha hafifu ikinyooshwa kwenye kioo kikubwa, hata kasoro zake hukua.

Jambo la pili ni kimo. Watu hupenda kuitundika runinga juu, karibu na dari, kama saa ya ukutani. Sinema ya saa mbili na nusu kwa kuinua kidevu ni adhabu, hasa kwa wazee. Katikati ya kioo pawe karibu usawa wa macho ya waliokaa. Na kama jamaa zako hukaa mkekani, basi na ishuke zaidi. Na ukuta nao uutazame. Runinga ya inchi 65 aghalabu hufika kilo 20 au kuzidi, na ukuta wa udongo na fito haukuumbwa kubeba mzigo huo. Meza imara haina aibu.

Ukifika dukani, usidanganyike na mng'aro. Runinga za dukani huwekwa kwenye mwanga mkali kupita kiasi ili zikuite. Nenda na filamu yako katika flashi, uombe ionyeshwe mahali penye usiku au kivuli, utazame kama weusi ni weusi au ni kijivu. Kisha sogea kando, uchuchumae, utazame kutoka pale ambapo mtoto wa mwisho atakaa. Vioo vingine hupauka rangi ukivitazama kwa upande, na sebuleni kwetu si wote wanaokaa katikati.

Kuna na malalamiko ya ile mistari myeusi. Mtu akiweka The Message ya Moustapha Akkad, ile ya mwaka 1976 tunayoiita Ar-Risala, huona weusi juu na chini, akakimbilia rimoti apate kuijaza picha. La, hasha! Filamu ile ilipigwa kwa picha pana kuliko kioo cha runinga. Ukiinyoosha, watu watarefuka kama minazi. Ukiikuza, utawakata walio pembeni. Zile za zamani kama Awaara nazo huacha weusi kushoto na kulia, kwa kuwa picha za zama zile zilikaribia mraba. Ziache zilivyo.

Sasa tuje kwenye sikio, nako ndiko kwenye kiini cha maneno yangu. Kila runinga inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo spika zake zinavyozidi kuwa dhaifu, na nyingi zimefichwa chini au nyuma, zikizungumza na ukuta badala ya kuzungumza na watu. Rafiki yangu yuaishi na mamake, ajuza aliyepungukiwa na masikio. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiwasimulia wanawe filamu za Kihindi, nani kamdhulumu nani na kwa nini. Katika miaka ya karibuni aliacha kukaa nao. "Nikae nifanye nini," alisema, "nawaona watu wafungua vinywa tu." Mwanawe alidhani dawa ni picha kubwa zaidi.

Sisi tuliosoma chuoni twajua thamani ya herufi. Mwalimu alitufunza kwamba qalbun ni moyo na kalbun ni mbwa, na kilichoyatenga ni mahali sauti inapotokea kinywani. Sauti ya filamu ni vivyo hivyo: kelele si ufasaha. Wengi hununua wufa kubwa inayotikisa vikombe kabatini, ilhali maneno ya watu yamezama chini ya ngurumo. Katika mpango unaoitwa 5.1, spika ni tano na wufa moja, na ile ya katikati, iliyo chini ya kioo, ndiyo inayobeba maneno mengi. Mbili za mbele hukaa kushoto na kulia, na mbili nyingine ubavuni, nyuma kidogo ya watazamaji. Asiyekuwa na nafasi ya spika zote hizo, na wengi hatunayo, atafute saundiba yenye spika yake ya katikati, aiunge kwa kebo ya HDMI katika tundu lililoandikwa ARC, ili rimoti moja iamuru vyote. Nasaha yangu ni kwamba katika kila shilingi 10 ulizotenga, 7 ziende kwenye picha na 3 zibaki kwa sauti.

Chumba nacho ni ala. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi unaovuruga maneno. Zulia, mapazia mazito na mito ya kuegemea hufanya kazi ambayo fedha nyingi haziifanyi. Na chini ya mabati, mvua ya masika ikishuka, hakuna spika itakayoshindana nayo; ngoja ipite.

Hapa pana haki ya jirani, ambayo kwetu ni jambo la dini kabla halijawa la ustaarabu. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini mlio mzito wa wufa una mawimbi marefu ya mita kadhaa, nao hupenya kuta kama hazipo. Nyumba zetu zimebanana, na katika nyingi kuta za vyumba hazifiki paani. Huenda upande wa pili yupo mzazi na mtoto mchanga, mgonjwa, au watu walio katika matanga. Iondoe wufa pembeni mwa chumba, maana pembe huzidisha ngurumo, na usiku ufungue ile hali ya usiku iliyomo katika saundiba nyingi, ambayo hushusha vishindo na kuyainua maneno.

Yaliyobaki ni ya hifadhi. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, basi weka kinga kati ya tundu la ukutani na runinga. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu; usiibandike runinga ukutani pasiwe na upenyo wa hewa, wala usifunike matundu yake kwa vitambaa vya kudarizi. Na anayeivusha kwa feri ya Likoni juu ya mkokoteni aisimamishe wima ndani ya boksi lake, asiilaze kifudifudi.

Rafiki yangu alinunua ya inchi 55, na fedha iliyosalia akatwaa saundiba na zulia. Mtaani wapo waliomcheka. Lakini nilipopita kwake baada ya Isha, nilimkuta yule bibi amekaa mkekani mbele ya wote, akiwanyamazisha wajukuu ili awaeleze kwa nini yule bwana harusi ni mwongo.

Basi wewe unayejiandaa kununua, kabla hujakwenda kuuliza bei, pima ukuta wako, kisha muulize aliye mzito wa kusikia nyumbani kwako husikia nini. Jibu lake litakuchagulia vizuri kuliko mwuza duka.