Fundi wa Mbali Apokewe Barazani
Katika ofisi za hoteli, mashamba ya maua na kampuni za utalii zilizopo Usa River, karibu na Arusha, fundi wa kompyuta mara nyingi ni sauti tu kwenye simu. Programu ikigoma, anaomba namba ya AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, mhasibu anabonyeza kukubali, na kishale kinaanza kutembea chenyewe. Kuanzia hapo fundi anafikia karibu kila anachofikia mhasibu: nakala za pasipoti za watalii, barua pepe, hata ukurasa wa benki ulioachwa wazi. Wengi hujiuliza kama fundi huyo ni mwaminifu. Uaminifu wake hautoshi. Februari 2024 AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake imeingiliwa, ingawa ilisema haikuona dalili kuwa vifaa vya wateja vimeathirika. Kinachoweza kupangwa mapema ni mipaka ya anachofikia.

Windows Sandbox, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2019, humpokea fundi barazani bila kumfungulia vyumba vya ndani. Ni Windows tupu ndani ya dirisha. Ukiweka AnyDesk humo, fundi atajaribu programu yake bila kugusa mafaili yako, na ukifunga dirisha vyote vinafutika. Ila kuna mwanya ambao wengi hawaujui: kwa kawaida ubao wa kunakilia huwa wa pamoja, kwa hiyo nywila uliyoinakili nje inaweza kubandikwa ndani. Uzime kwenye faili la mipangilio la .wsb, na folda unayomshirikisha iwe ya kusomwa tu. Ukiingia benki humo ndani, bado anakuona.

Mtu atasema: printa ya EFD, ile ya risiti za kodi, iliyogoma ipo kwenye kompyuta halisi, haitengenezeki sandiboksini. Ni kweli, na toleo la Windows Home halina kabisa huduma hiyo. Basi mfungulie fundi akaunti tofauti isiyo ya msimamizi, nywila ya msimamizi uichape mwenyewe inapohitajika, ukae ukitazama mpaka amalize, kisha uiondoe ile programu ya mbali. Wengine watalalamika kwamba hayo yanachelewesha kazi. Yanachelewesha, dakika chache. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na pasipoti ya mgeni aliyekuja kupanda Mlima Meru aliikusanya mwenye hoteli, si fundi. Kabla hujasoma zile namba simuni, funga kwanza barua pepe na benki.