Namba iliyofutwa: kigunduzi cha mionzi darasani

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliazima kigunduzi cha Geiger nikakipeleka darasa la kidato cha nne. Hatukuwa na chanzo chochote cha mionzi. Nilikiweka tu mezani, nikawaambia wanafunzi wahesabu milio kwa dakika moja, waandike, warudie. Kundi moja lilipata 14, kisha 11, kisha 17, kisha 22. Nilipopita tena, ile 22 ilikuwa imefutwa kwa raba, pameandikwa 15. Nikauliza kulikoni. "Mwalimu, hiyo tulikosea."

Hawakukosea. Na siwalaumu, kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha: kwenye maabara ukipata namba tofauti na ya jirani, basi umeharibu. Lakini atomu haina ratiba. Hakuna kitu kinachoiambia ivunjike sasa hivi au kesho. Tunachoweza kujua ni wastani tu. Wastani ukiwa 16, namba zako kwa kawaida zitatawanyika kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha 16, yaani 4 juu au 4 chini. Mara kwa mara zitavuka hapo. Ukihesabu dakika nyingi na usipate hata 22 moja, hapo ndipo ujiulize kama kuna mtu anatumia raba.

Utauliza: milio inatoka wapi kama hakuna chanzo? Inatoka kila mahali. Ardhini, kwenye kuta, kwenye gesi ya radoni iliyomo hewani, na angani. Hata wewe unayesoma una potasiamu mwilini, na sehemu ndogo sana ya hiyo potasiamu ni nururifu. Kwa hiyo mionzi si kitu kinachoishi hospitalini nyuma ya mlango wenye alama ya hatari tu.

Tatizo la Geiger ni kwamba inalia tu. Iwe alfa, beta au gama, mlio ni uleule, na mwanafunzi anabaki kuamini jedwali la kitabuni. Hapa ndipo kinapoingia kifaa kingine, Timepix, kilichotengenezwa na kundi la watafiti lenye makao CERN, karibu na Geneva. Ni kipande cha silikoni chenye upana wa kama sentimita 1.4, kilichogawanywa pikseli 256 kwa 256, jumla 65,536. Ni kama binamu wa kamera ya simu yako, ila kinapiga picha za chembe badala ya sura. Unakichomeka kwenye kompyuta, unatazama.

Na chembe zinaacha nyayo tofauti. Alfa ni nzito na inamwaga nishati yake yote mahali pamoja, kwa hiyo unaona doa nene la mviringo. Beta ni elektroni, nyepesi, inagongwa huku na huku, basi inachora mstari uliopindapinda. Gama haina chaji. Unachoona ni elektroni iliyoipiga, mara nyingi nukta moja au mbili. Halafu, bila kutarajia, unapita mstari ulionyooka kabisa. Huyo ni muoni kutoka angani.

Muoni nampenda kuliko wote. Anazaliwa kama kilomita 15 juu, miale ya anga inapogonga hewa, na kwa wastani anaishi sekunde 2.2 tu ukigawanya kwa milioni. Hata akikimbia karibu na kasi ya mwanga, hesabu ya kawaida inampa mita 660 hivi. Hapaswi kufika darasani. Anafika kwa sababu, kama Einstein alivyoeleza, saa ya kitu kinachokimbia hivyo inakwenda polepole ukiitazama kutoka ardhini. Usawa wa bahari, takriban muoni mmoja hupita kila sentimita ya mraba kila dakika. Ukikilaza kifaa utapata kama wawili kwa dakika, ila wengi wataonekana vinukta, maana silikoni ni nyembamba. Kisimamishe wima: utapata wachache zaidi, lakini mistari mirefu.

Wanafunzi wa Simon Langton, shule ya sekondari huko Canterbury, Uingereza, waliona Timepix walipotembelea CERN mwaka 2007. Wakiwa na mwalimu wao Becky Parker, walipendekeza kifaa chenye vipande vitano vya namna hiyo, wakakiita LUCID, na Julai 2014 kikarushwa kwenye setilaiti TechDemoSat-1 kupima mionzi angani. Data zake zilichambuliwa na wanafunzi wa sekondari. Hawakuwa na majibu nyuma ya kitabu ya kulinganisha, kwa hiyo hata raba isingewasaidia.

Timepix kwetu bado ni ghali, tusidanganyane. Ila ukipata Geiger ya kuazima, kuna jaribio la puto. Lipulize, lisugue kwa kitambaa cha sufi, lining'inize katika chumba kilichofungwa, cha chini, kwa dakika 45 hivi. Umeme tuli utavuta vumbi lenye mabaki ya radoni. Darasa lenye madirisha wazi halifai, tafuta stoo. Na kwenye unyevu wa Dar es Salaam umeme huo hautakaa, bora nyanda za juu wakati wa kiangazi. Toa hewa, liweke jirani kabisa na kigunduzi, hesabu kila baada ya dakika 10 kwa saa mbili, kisha toa ile hesabu ya kawaida ya chumba. Grafu itayumbayumba, lakini itashuka, ikipungua nusu ndani ya kama nusu saa hadi dakika 45. Anza mara tu unapolishusha puto, maana ukienda kwanza kunywa chai utakuta kilichobaki ni kidogo.