Udongo Hutoka Wapi

Ukivitazama vilima vya Dodoma ukiwa mjini, jicho hukimbilia majabali ya juu. Mpangaji wa hifadhi ya udongo naye hushawishika hivyo hivyo: achore ramani ya mteremko, apake rangi nyekundu penye ukali zaidi, aseme tuanzie hapo. Katika uwanda huu wa kati atakuwa amekosea, kwa kuwa juu ya majabali yale hakuna udongo wa kupotea. Mvua ilikwisha kuuteremsha zamani.

Mwaka 1972 watafiti wa mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, Uswidi, walichapisha matokeo ya kupima tope katika mabwawa manne ya Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Udongo mwingi ulikuwa ukitoka kwenye miteremko ya wastani chini tu ya majabali, panapolimwa na kuchungwa. Maji yaliyoporomoka juu ya mwamba mtupu hufika hapo yakiwa na kasi, yakakuta ardhi iliyovuliwa nyasi, yakatandaa na kukwangua tabaka jembamba kila mvua inyeshapo. Hapana korongo la kutisha la kupiga picha, ndiyo maana pamesahaulika.

Kuna mtego mwingine. Kidakio cha Ikowa, yaani eneo lote linalomwaga maji yake bwawani, kinazidi kilomita za mraba 600, cha Matumbulu hakifiki 20. Lakini kwa kila kilomita ya mraba, bwawa la Matumbulu ndilo lililopokea tope zaidi. Ikowa haikuwa salama kwa hilo. Katika kidakio kikubwa udongo hutua njiani, mbugani, kabla ya kufika bwawani. Kwa hiyo gawa kwanza kidakio kikubwa katika vidogo, kisha uvipange kipi kitangulie.

Kazi ya kugawa sasa hufanywa na kompyuta. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia. Nchi hukatwa miraba ya mita 30, kila mmoja na kimo chake; programu humwaga maji ya kubuni kutoka mraba hadi jirani aliye chini zaidi, na mipaka ya vidakio hujichora. Ila korongo la upana wa mita 5 humezwa na mraba. Hilo litafute kwenye picha za anga, au kwa miguu, na miguu ndiyo naiamini mimi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, haukuwa na rada. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lote la Kondoa lililomomonyoka, kama kilomita za mraba 1,250. Nyasi zilirudi, na wafugaji wakabeba gharama, hata pale ambapo udongo haukuwa ukihama sana.

Mwisho kuna mizani, yaani kuamua shida ipi ina uzito zaidi, na hapo kompyuta haina la kusema. Kama shida ni bwawa kujaa tope, miteremko iliyo chini ya majabali ya Matumbulu inatangulia. Kama shida ni visima vya Mzakwe vinavyonywesha jiji la Dodoma, ramani ile ile inapangika upya: mito ya mchanga ya bonde la Makutupora, ambako mafuriko ya miaka michache ya mvua kubwa huzama na kujaza maji ya chini yanayolisha visima hivyo, inapanda juu ya orodha, ingawa ardhi yake ni tambarare.