Uvutaji sigara unavyodhoofisha pua na ulimi

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanapozungumzia madhara ya sigara hutaja saratani ya mapafu, maradhi ya moyo na kikohozi kisichokoma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba moshi huo, kabla haujafika kifuani, hupita kinywani, na kwamba mwingine hutokea puani, ilipo milango miwili ya fahamu inayomwezesha binadamu kuonja na kunusa.

Madhara ya huko hayana maumivu wala hayamlazi mtu kitandani. Huja polepole, kiasi kwamba mvutaji anaweza kuishi miaka mingi akidhani kuwa mpishi ndiye aliyepunguza viungo katika pilau.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na ubongo, upo utando mdogo wenye mamilioni ya seli za kunusa. Seli hizo hubeba aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Wanasayansi wa Marekani waliovumbua siri ya vipokezi hivyo, Linda Buck na Richard Axel, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Tofauti na sehemu nyingine nyingi za mfumo wa fahamu, seli hizo zimekaa wazi, zikiguswa na kila hewa tunayovuta. Kwa sababu hiyo huchakaa, na mwili huzalisha nyingine kuchukua nafasi yake.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Baadhi yake, kama fomaldehidi na akrolini, huwasha na kuchubua utando wa pua. Vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu hudhoofika na kamasi huongezeka. Anayevuta kila siku huufanya mwili upoteze seli za kunusa kwa kasi kuliko unavyoweza kuzifidia.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 1990, ulibaini kuwa wavutaji walikuwa na uwezekano unaokaribia mara mbili wa kuwa na upungufu wa kunusa, wakilinganishwa na watu ambao hawajawahi kuvuta. Kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi, ndivyo upungufu ulivyokuwa mkubwa.

Kwa upande wa ulimi, hutambua ladha tano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Uchunguzi wa ndimi za wavutaji umeonyesha vinundu vilivyobapa na vyenye mishipa michache ya damu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni kazi ya pua. Unapotafuna, harufu ya chakula hupanda kupitia nyuma ya koo. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe: bana pua kisha tafuna kipande cha embe. Utamu utauhisi, lakini uembe wake utatoweka hadi utakapoiachia pua.

Athari zake haziishii mezani. Asiyepata ladha huongeza chumvi na sukari, jambo la hatari kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari. Vilevile, gesi ya kupikia kwa asili haina harufu kali. Viwanda huitia harufu hiyo makusudi ili uvujaji utambulike. Pua iliyopoteza uwezo wake huenda isiisikie, kama ambavyo huenda isitambue maziwa yaliyoharibika au waya unaoungua.

Habari njema ni kwamba mlango haujafungwa. Seli za ladha hubadilishwa kila baada ya siku 10 hadi 14, na baadhi ya walioacha sigara huanza kuona mabadiliko ndani ya wiki chache. Pua huchukua muda mrefu zaidi. Utafiti huo wa mwaka 1990 ulionyesha kuwa waliokwisha kuacha walipata nafuu kulingana na muda uliopita tangu waache. Kwa waliovuta sana, muda huo unaweza kuwa miaka.

Kupoteza uwezo wa kunusa kunaweza pia kutokana na mafua, virusi vya korona, vinyama vya puani au maradhi ya ubongo kama Parkinson. Kwa hiyo, mvutaji asiharakishe kuilaumu sigara peke yake. Hali hiyo ikidumu, amwone daktari wa masikio, pua na koo.