Isikilize Rilei Kabla ya Kushika Bisibisi

"Rilei imekufa, fundi." Ndivyo nilivyoambiwa wakati redio koli moja ya zamani, ya zama za valvu, iliposhushwa mezani kwangu kutoka Mikumi. Ilikuwa inapokea vizuri kabisa, lakini ukibonyeza kitufe cha maikrofoni hakuna anayekusikia.

Mitambo hii ina sababu ya kutunzwa. Mikumi iko Kilosa, wilaya yenye milima ya Ukaguru na Rubeho, na mawimbi ya redio ndogo za mkononi yakikutana na mlima huishia hapo. Mawimbi ya masafa mafupi yanaweza kupanda angani karibu wima, yakarudishwa na tabaka la juu na kumwangukia mtu aliye ng'ambo ya mlima. Mchana kwenye megahezi 7, usiku kwenye 3.5.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Antena ni moja, wapangaji wawili: upande wa kupokea na upande wa kurusha. Ukibonyeza kitufe, waya wake hugusa ethi, koili ya sumaku hupata kama volti 12, na ulimi wa chuma huhamishia antena upande wa pili. Katika seti nyingi, kontakti nyingine za rilei hiyohiyo hupunguza volti hasi inayozilaza valvu za mwisho, ili ziamke na kufanya kazi.

Kwa hiyo kwanza sikiliza. Badala ya antena funga mzigo wa omu 50, kisha bonyeza. Isipolia "ka!", shida iko upande wa koili. Chomoa maikrofoni, unganisha pini ya kitufe na ethi kwa kipande cha waya; ikilia, waya wa maikrofoni umekatikia ndani, mara nyingi palepale unapopindia kwenye plagi. Isipolia, pima ncha mbili za koili, kila moja dhidi ya ethi, bila kubonyeza. Zote zikiwa na volti 12, koili ni nzima, na njia ya kwenda ethi ndiyo iliyokatika. Ncha moja ikiwa na 12 na nyingine sifuri, koili imekatika. Zote zikiwa sifuri, umeme haufiki kabisa.

Vidole viwe mbali na chumba cha valvu. Seti kama FT-101 ya Yaesu, ya miaka ya 1970, ina takriban volti 600 humo, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Ikilia lakini hairushi, angalia kontakti. Kwa vumbi letu, karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti inatosha. Msasa hukwangua fedha iliyopakwa juu yake. Niliwahi kukuta sisimizi amebanwa humo, naye ndiye alikuwa ugonjwa wote.

Ile ya Mikumi ililia vizuri, na kontakti zilikuwa safi. Nikaitazama sindano ya mita ya mkondo: ilipanda wakati wa kupokea, ikalala nilipobonyeza. Kinyume kabisa! Valvu zilikuwa zinafanya kazi zikisikiliza na kulala zikitakiwa kurusha. Nikachomoa plagi, nikasubiri kapasita ziishe chaji, nikafuata nyaya moja moja. Mtu aliyewahi kuifungua alikuwa amelehemu waya wa volti hasi kwenye mguu wa jirani, ule unaogusa wakati rilei imetulia. Nikauhamisha milimita chache tu, nikarudisha plagi, nikabonyeza, na sindano ikapanda mahali pake.