Uzi wa kushona kidonda: namna ya kusoma karatasi tunayotumwa nayo farmasi

Katika parokia zetu za Kisangani habari ya upasuaji mara nyingi inatufikia kama karatasi. Mama amefika hospitali ajifungue, mganga ameona ni lazima apasuliwe, na jamaa wanapewa orodha ya vitu vya kununua: glovu, seramu, kompresi, dawa ya usingizi. Katikati ya orodha hiyo kuna mistari miwili kama hii: « Vicryl 1, serti, ronde » na « Nylon 2-0, triangulaire ». Ni saa tatu za usiku. Shemasi anaamshwa, sanduku la diakonia linafunguliwa, na kijana mmoja anatumwa na faranga mkononi. Farmasi ya kwanza haina. Ya pili inamwambia: « Hiyo hatuna, lakini chukua hii, ni sawa tu. »

Je, ni sawa? Mara chache ni sawa kweli. Mara nyingi si sawa, na kijana hana namna ya kujua, kwani hakuna aliyemweleza ile mistari miwili inasema nini. Hatuandiki ili kumfanya msomaji kuwa mganga. Tunaandika kwa sababu uzi usiofaa unaweza kuachia tumbo lililokwisha kufungwa, na fedha iliyonunua uzi huo ni sadaka ya wajane na wauza pondu.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Kwenye paketi ya uzi, 1 ni uzi mnene na 2 ni mnene zaidi. Lakini 2-0 ni mwembamba kuliko 1, na 3-0 ni mwembamba kuliko 2-0. Sababu ni ya historia. Zamani namba zilianzia moja, na moja ndiyo ilikuwa nyembamba. Viwanda vilipoweza kutengeneza uzi mwembamba zaidi, hawakuwa na namba chini ya moja isipokuwa sifuri. Kisha wakaandika sifuri mbili, sifuri tatu, na kuendelea. Kwa hiyo 3-0 maana yake ni sifuri tatu. Kadiri sifuri zinavyoongezeka, uzi unapungua.

Kwa kipimo cha macho: uzi wa namba 1 una unene wa karibu nusu milimita. 2-0 una milimita 0,3 hivi, 3-0 una 0,2 na 5-0 una 0,1. Ule wa 10-0, unaotumiwa kushona jicho, una sehemu mbili au tatu za mia moja ya milimita. Ni mwembamba kuliko unywele, na anayeushona anatazama kwa darubini. Namba 1 au 0 inafunga mfuko wa uzazi na ile ngozi nyeupe ngumu iliyo chini ya mafuta ya tumbo, inayozuia matumbo yasitoke nje. 3-0 inashona utumbo. Ngozi ya mguu au ya tumbo inachukua 2-0 au 3-0, mkono 4-0, na uso 5-0 au 6-0, ili mtoto aliyeanguka kwenye toleka asibebe kovu nene maisha yote.

Sasa, kuna mtego. Paketi nyingi zinazofika kwetu zina namba mbili, kwa sababu kuna hesabu mbili duniani: ile ya Wamarekani tuliyoeleza sasa hivi, na ile ya Ulaya inayoitwa « décimale », ambayo inahesabu sehemu za kumi za milimita. Uzi wa 3-0 kwa hesabu ya kwanza ni 2 kwa hesabu ya pili, yaani milimita 0,2. Mganga aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuandika « déc. 2 » akiwaza uzi mwembamba. Mwuzaji akiona 2 tu, anaweza kutoa uzi wa 2 ya Wamarekani, ambao ni milimita 0,5, mara mbili na nusu ya unene uliotakiwa. Basi kijana asimame kaunta, atafute namba zote mbili kwenye paketi na aulize ni ipi iliyoandikwa kwenye karatasi. Akiwa na simu, apige picha ya paketi na kuituma kwa muuguzi kabla ya kulipa. Picha hiyo inaokoa safari nzima, hasa kwa mtu wa Lubunga ambaye anapaswa kuvuka mto.

Jambo la pili ni uzi wenyewe. Kuna unaoyeyuka mwilini, ambao karatasi inauita « résorbable », na kuna usioyeyuka. Uzi wa zamani kuliko wote katika kundi la kwanza ni katigati. Jina lake la Kiingereza linafanya watu wafikiri ni utumbo wa paka. Si paka, ni utumbo wa kondoo au wa ng'ombe. Mwili unaula kama unavyokula nyama, na ndiyo maana haudumu. Katigati ya kawaida inapoteza nguvu ndani ya siku 7 hadi 10. Iliyotiwa dawa ya kromu inashikilia wiki mbili, wakati mwingine tatu. Ulaya waliiacha baada ya ugonjwa wa ng'ombe wenye kichaa, lakini kwetu bado inauzwa, na ni ya bei rahisi.

Uzi wa kuyeyuka uliotengenezwa kiwandani, kama Vicryl, hauliwi. Maji ya mwili ndiyo yanayouvunja polepole. Baada ya wiki mbili bado una karibu robo tatu ya nguvu yake, baada ya wiki tatu kama nusu, na unamalizika kabisa katika siku 56 hadi 70. Tofauti hii ndiyo moyo wa habari yetu. Ile ngozi nyeupe ya tumbo haiponi kwa siku kumi, inataka wiki nyingi. Ukifunga tumbo kwa katigati ya kawaida kwa sababu farmasi haikuwa na nyingine, uzi unaachia wakati mwili haujashika. Mama anakohoa siku ya nane, na kidonda kinafunguka. Jamaa watasema amelogwa. Tumesikia neno hilo zaidi ya mara moja kando ya kitanda, na tunaomba wahubiri wetu wasilikubali upesi.

Uzi usioyeyuka ni kama nylon, prolini, hariri na kitani. Nylon ni uzi mmoja laini kama wa kuvulia samaki. Vijidudu havina pa kujificha, lakini unateleza, na mshonaji anapaswa kufunga mafundo mengi. Hariri imesukwa, fundo lake linakaa vizuri, ila vijidudu vinaingia kati ya nyuzi zake. Kwa hiyo, kama kidonda kimeshika uchafu, nylon ni afadhali.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie kila mahali uzi usioyeyuka, kwa kuwa una nguvu? Jibu liko katika kibofu cha mkojo. Uzi usioyeyuka ukibaki ndani ya kibofu, chumvi ya mkojo inaukamata na jiwe linaota juu yake. Wanawake wenye fistula, wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu au baada ya kutendewa ukatili, wanashonwa kibofu kwa uzi wa kuyeyuka, mwembamba, na sindano ndogo ya mviringo. Kazi hiyo inafanyika katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dr Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, pamoja na jumuiya ya CEPAC. Dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Watu wengi wanajua tuzo. Wachache wanajua kwamba kazi yenyewe ni mishono midogo sana mahali pa giza na penye nafasi finyu.

Historia ya uzi wa fistula ina uchungu. Katika miaka ya 1840, huko Alabama, Marekani, mganga J. Marion Sims alitafuta namna ya kuifunga. Alijaribu hariri, ikaleta uchafu, na mwishowe akafaulu kwa uzi wa fedha. Lakini aliwapasua wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi, na mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa karibu mara 30. Tunapowaombea waganga tuwakumbuke pia wale ambao miili yao ndiyo iliyokuwa shule.

Watu wa upande wetu wa Afrika nao hawakungoja sanduku kutoka Ulaya ndipo wajue kufunga kidonda. Mwaka 1879, Robert Felkin, mwanafunzi wa uganga aliyetumwa na misioni ya Kianglikana ya CMS, alikuwa Kahura, katika Bunyoro, nchi ya Uganda ya leo. Aliona mama akipasuliwa ili mtoto atoke. Mpasuaji alikuwa Mwafrika. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikaosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. (Anayekumbuka Msamaria mwema atakumbuka na divai aliyoimimina.) Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kisha midomo ya kidonda ikaunganishwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, na kamba ya gome la mti ikazungushwa juu ya misumari ili kuikaza. Misumari ilianza kutolewa siku ya tatu, na ya mwisho ikatolewa siku ya sita. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884. Angalieni kwamba hata hapo kulikuwa na kipimo: chuma chembamba, kilichosuguliwa, na siku iliyojulikana ya kukitoa.

Hapa kwetu, wazee wa Yakusu wanakumbuka hospitali ya misioni ya Kibaptisti, chini kidogo ya mji kando ya mto, ambako Dr Clement Chesterman alifika mwaka 1920 na Dr Stanley Browne, mpasuaji, mwaka 1936, na ambako vijana wetu walifundishwa uuguzi. Miaka ile, uzi na sindano vilikuwa vitu viwili. Muuguzi alitunga hariri au kitani katika tundu la sindano kama fundi wa nguo, na sindano ilichemshwa na kutumiwa tena. Shida ya sindano yenye tundu ni kwamba uzi unapita ukiwa umekunjwa mara mbili, na tundu lenyewe ni pana, kwa hiyo linaacha shimo kubwa kuliko uzi. Siku hizi sindano nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimeshikamana na uzi. Hiyo ndiyo maana ya « serti ». Karatasi ikisema serti, usinunue uzi pekee.

Neno la mwisho katika mstari linaeleza umbo la sindano. « Ronde » ina ncha ya duara. Inapita kati ya nyama bila kukata, na ni ya utumbo, mfuko wa uzazi na kibofu. « Triangulaire » ina makali pembeni kama kisu kidogo, kwa kuwa ngozi ya mtu ni ngumu. Ukitumia yenye makali katika utumbo, kila shimo linaweza kuraruka na kuvuja. Ukitumia ya duara kwenye ngozi, mshonaji atasukuma mpaka sindano ipinde. Hauhitaji Kifaransa kuitambua: paketi ina alama ya duara au ya pembetatu. Mara nyingi ina pia picha ya sindano kwa ukubwa wake halisi, pamoja na urefu kwa milimita na sehemu ya duara, ½ au ⅜. Nusu duara ni ya mahali pa ndani penye nafasi ndogo, na ⅜ inapendwa kwa ngozi.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya mwisho na tazama kama paketi imetoboka au imelowa. Iliyofunguliwa haichemshwi upya, hata kama uzi wote bado uko ndani. Uzi wa cherehani kutoka sokoni usiupeleke kabisa, hata ukiwa mpya. Na kama farmasi haina kilichoandikwa, usichague badala ya mganga. Piga simu uulize anakubali nini mahali pake. Parokia yenye nguvu kidogo inaweza kumwomba muuguzi mkuu orodha ya nyuzi tatu au nne zinazotafutwa zaidi usiku, na kuziweka katika sanduku kavu, tarehe zikiangaliwa kila miezi mitatu.

Baadaye inabaki kutoa nyuzi za ngozi. Za uso zinatolewa siku ya 5 hivi, za kichwa na tumbo kati ya siku ya 7 na ya 10, za mikono na miguu siku ya 10 hadi 14, na juu ya goti hazitoki kabla ya siku ya 14. Zikikaa kupita kiasi zinaacha alama kama ngazi na zinaalika usaha. Zikitoka mapema, kidonda kinaachama. Wembe wa nyumbani usiguse. Anayerudi Isangi, Opala au Bafwasende kabla ya siku hizo aombe iandikwe kwenye karatasi yake: uzi gani, mishono mingapi, siku gani ya kutolewa. Muuguzi wa kituo cha afya huko hakuwapo wakati wa kupasuliwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia.